Anayekataa Siye Anayepata Hasara

Kati ya mwaka 2007 na 2012, mamilioni ya Wamarekani walijikuta wanadaiwa fedha nyingi kuliko thamani ya nyumba walizokuwa wakiishi. Bei za nyumba nchini humo zilifika kileleni mwaka 2006, kisha zikaporomoka kwa zaidi ya robo. Katika miji ya Las Vegas na Phoenix zilipungua kwa zaidi ya nusu. Soko lilianguka, deni likabaki pale pale. Wengi wa waliokwama walikuwa wamepoteza kazi, wameachana na wenza wao, au wameugua. Marejesho yalipowashinda walitafuta njia ya kiungwana ya kutoka: walimpata mnunuzi wa kweli, aliyekuwa tayari kulipa bei ya soko la siku hiyo, wakaiomba benki ipokee fedha hizo na kuiachilia dhamana yake, ingawa hazikutosha kumaliza deni. Wamarekani wana jina na fomu maalumu za utaratibu huu. Hapa tutauita kuuza chini ya deni. Maombi mengi yalikataliwa, na mengine hayakujibiwa kabisa hadi mnunuzi akachoka na kwenda kwingine. Kisha nyumba zikanadiwa, na mara nyingi mnada ulileta fedha pungufu kuliko zile zilizokuwa mezani.

Kwa nini mkopeshaji, ambaye kazi yake ni fedha, akatae nyingi na kuchukua chache? Waliokataliwa walisema benki zina roho mbaya. Wapo pia waliosema ni uzembe, na uzembe ulikuwapo mwingi. Lakini roho mbaya haielezi jambo hili, kwa sababu hata mtu mwenye roho mbaya hupenda faida yake. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba anayetoa jibu la "hapana" kwa kawaida siye mwenye fedha zitakazopotea. Mkopo wa nyumba wa Kimarekani umegawanywa kwa watu wengi, kila mmoja akiwa na kipande chake cha haki na kipande chake cha malipo, na jibu linalomfaa mmoja wao linaweza kuwa hasara tupu kwa wengine wote.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tuseme nyumba ina mkopo wa kwanza wa dola 240,000 na mkopo wa pili wa dola 50,000. Leo sokoni ina thamani ya dola 175,000, na mnunuzi ameahidi 170,000. Dalali atachukua asilimia 6, gharama nyingine za kukamilisha mauzo tuziweke dola 4,800, na mwenye mkopo wa pili apewe 3,000 ili aondoke. Mwenye mkopo wa kwanza atapokea dola 152,000. Akikataa, itabidi ainadi nyumba. Katika majimbo ambako mnada hupitia mahakamani, kama New York na Florida, shauri liliweza kuchukua zaidi ya miaka miwili katika kipindi kile. Muda wote huo kodi ya nyumba inadai, wakili anadai, bomba linapasuka wakati wa baridi na hakuna wa kulitengeneza, majani yanaota hadi dirishani. Wanauchumi John Campbell, Stefano Giglio na Parag Pathak walichunguza mauzo ya nyumba katika jimbo la Massachusetts, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa nyumba iliyochukuliwa na benki iliuzwa kwa punguzo la wastani wa asilimia 27 ikilinganishwa na nyumba nyingine za aina yake. Toa asilimia 27 katika 175,000 zinabaki kama 128,000, kabla ya kumlipa wakili na dalali. Kwa hesabu hii, kukataa ni kutupa zaidi ya dola 24,000 barabarani.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwenye mkopo. Ila anayeipokea simu ya mdaiwa si mwenye mkopo. Kabla ya msukosuko ule, sehemu kubwa ya mikopo ya nyumba Marekani haikukaa katika vitabu vya benki zilizoitoa. Benki iliikusanya maelfu kwa maelfu katika kapu moja, ikaliweka kapu hilo chini ya mdhamini, kisha hatifungani zilizotokana nalo zikauzwa kwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima na wawekezaji wa nchi za mbali. Hao ndio wenye fedha, na hasara ni yao. Kazi ya kukusanya marejesho, kutuma barua, kusikiliza maombi na kuamua kunadi alipewa msimamizi wa mkopo, mara nyingi kampuni iliyo chini ya benki kubwa. Malipo yake ya kawaida yalikuwa kama robo ya asilimia moja ya deni kwa mwaka. Kwa mkopo wetu wa dola 240,000 hiyo ni dola 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi. Kwa dola 50 kwa mwezi, kampuni hiyo ilitakiwa kumweka mtu mwenye ujuzi asome faili nene la mdaiwa mmoja, atume mthamini, ajadiliane na mwenye mkopo wa pili, aombe ruhusa ya kampuni ya bima ya mkopo, na amalize yote kabla mnunuzi hajaondoka. Mashine ya kupokea marejesho ya watu milioni moja wanaolipa vizuri ilikuwapo. Watu wa kusoma mafaili hawakuwapo, na kuwaajiri kulimgharimu msimamizi fedha zake mwenyewe kwa faida ya wawekezaji asiowajua.

Upande wa pili, mnada haukumwogopesha sana. Ni kweli kwamba mikataba mingi ilimlazimu kutanguliza fedha zake kuwalipa wawekezaji pale mdaiwa alipoacha kulipa, na hilo lilimuuma, maana fedha hizo hazikumletea riba. Lakini nyumba ilipouzwa, yeye ndiye aliyejirudishia kwanza: fedha alizotanguliza, gharama za wakili, gharama za ukaguzi, na faini za kuchelewa zilizorundikana kwenye akaunti ya mdaiwa. Wawekezaji waligawana kilichobaki. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Msimamizi alikuwa mlezi wa kulipwa, na mkataba wake ulimtaka afuate masharti ya kapu kwa herufi. Msimamizi aliyeiruhusu nyumba iuzwe kwa bei ambayo baadaye ingeonekana ndogo aliweza kushtakiwa na wawekezaji kwamba amewapotezea mali. Aliyeinadi kwa kufuata utaratibu hakuulizwa na mtu, hata kama bei ya mnada ilikuwa ndogo zaidi.

Tuje kwa mkopo wa pili, ambao nadhani haukupewa uzito unaostahili katika mijadala ya wakati ule. Katika miaka ya bei kupanda, watu wengi waliongeza mkopo juu ya mkopo, wakitumia thamani iliyoongezeka ya nyumba kama dhamana. Nyumba ikinadiwa wakati bei imeanguka, mwenye mkopo wa pili hapati kitu, kwa kuwa wa kwanza humaliza kila senti. Lakini nyumba ikiuzwa kwa hiari, haiwezi kuhamishwa kwa mnunuzi mpaka yeye pia aachilie haki yake. Mtu mwenye karatasi isiyo na thamani sokoni akawa ameshika ufunguo wa mlango. Alipewa dola 3,000, akadai 10,000, mwenye mkopo wa kwanza akasema hatoi zaidi, mauzo yakafa. Na hapa kuna jambo lililowakera wawekezaji kwa haki. Benki nne kubwa za Marekani, yaani Bank of America, Wells Fargo, JPMorgan Chase na Citigroup, zilikuwa na mikopo ya pili ya zaidi ya dola bilioni 400 katika vitabu vyao wenyewe, huku zikiwa wasimamizi wa mikopo ya kwanza iliyokuwa mali ya watu wengine. Kukubali dola 3,000 kwa deni la dola 50,000 ni kukiri hadharani kwamba deni hilo limekufa, na kukiri hivyo kwa nyumba maelfu kungekula mtaji wa benki wakati ule ule ambao wakaguzi walikuwa wakiupima. Mwezi Machi 2010, Barney Frank, mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, aliziandikia benki hizo nne akizitaka zianze kufuta mikopo ya pili isiyo na thamani halisi, kwa sababu ilikuwa inazuia wadaiwa kusaidiwa.

Kampuni ya bima ya mkopo ilikuwa kikwazo cha tatu. Aliyenunua nyumba kwa malipo ya awali yaliyo chini ya asilimia 20 kwa kawaida alitakiwa kulipia bima, na bima hiyo haimlindi yeye bali humlinda mkopeshaji. Kampuni ya bima ilikuwa na haki ya kukubali au kukataa mauzo yatakayoileta hasara mlangoni kwake, na mara nyingi iliweka sharti kwamba mdaiwa atoe fedha taslimu au asaini hati ya kulipa sehemu ya salio. Mtu aliyekuwa akiuza nyumba kwa sababu hana kazi akaambiwa asaini deni jipya. Wengine walisaini, wengine waliondoka.

Ukijumlisha hayo unaelewa kwa nini kukataliwa kwingi hakukuja kwa barua yenye neno "hapana". Kulikuja kwa ukimya. Mwombaji alituma barua ya kueleza dhiki yake, taarifa za benki, hati za mshahara, ritani za kodi za miaka miwili na mkataba wa mnunuzi. Baada ya miezi miwili aliambiwa taarifa zake za benki zimepitwa na wakati, atume nyingine. Alipotuma, faili lilikuwa limehamishiwa kwa ofisa mwingine, au mkopo wenyewe umehamishiwa kwa msimamizi mwingine. Waliokuwa hawajachelewa hata rejesho moja waliambiwa hawana shida, kwa hiyo hawastahili; ili wasikilizwe ilibidi kwanza waache kulipa, waharibu rekodi yao ya mikopo, ndipo wahesabiwe kuwa wenye dhiki. Na huku idara moja ikijadili bei na mnunuzi, idara nyingine ya kampuni ile ile iliendelea kuandaa mnada bila kujua, au bila kujali. Hili la mwisho naliona kuwa baya kuliko yote, kwa sababu mdaiwa aliamini kwamba mazungumzo yanamlinda, akaacha kutafuta njia nyingine.

Wanaowatetea wakopeshaji wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Wanasema si kila anayeomba ana dhiki: wapo waliokuwa na akiba ya kutosha lakini hawakutaka kuendelea kulipia kitu kilichopoteza thamani. Ni kweli, na mkopeshaji ana haki ya kutazama taarifa za fedha za mwombaji kabla ya kusamehe maelfu ya dola. Wanasema pia kulikuwa na udanganyifu. Ulikuwapo. Mwenye nyumba aliiuza kwa shemeji yake kwa bei ya kutupa ili aendelee kuishi humo. Dalali alificha ofa kubwa, akaipeleka benki ofa ndogo ya mshirika wake, kisha nyumba ikauzwa tena siku hiyo hiyo kwa bei ya juu. Ndiyo maana wauzaji na wanunuzi walitakiwa kuapa kwa maandishi kuwa hawana uhusiano wowote. Na wapo waliokataliwa kwa sababu nyepesi kabisa: bei iliyoletwa ilikuwa chini mno ya soko. Sababu hizi zote zinahalalisha kukataa ombi fulani baada ya kulichunguza. Haziwezi kuhalalisha kutolichunguza, wala mnunuzi wa bei ya haki kuachwa miezi sita bila jibu.

Hoja ngumu zaidi inatoka kwa watafiti. Mwaka 2009 wanauchumi Manuel Adelino, Kristopher Gerardi na Paul Willen walitoa utafiti kupitia tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani. Waligundua kuwa takriban asilimia 3 tu ya wadaiwa waliochelewa sana ndio waliopunguziwa marejesho katika mwaka uliofuata, na kwamba benki zilizomiliki mikopo yenyewe hazikuwa na huruma zaidi ya wasimamizi wa mikopo ya wengine. Maelezo yao ni kwamba karibu theluthi ya wadaiwa hao hujikwamua wenyewe bila msaada, na wengi wanaosaidiwa huanguka tena. Kwa hiyo kusamehe ni kumpa zawadi asiyeihitaji au kumchelewesha asiyeokoka. Ikiwa ni hivyo, lawama yangu kwa mgawanyiko wa mkopo inapungua nguvu. Lakini matokeo yao hayakuachwa bila kupingwa. Tomasz Piskorski, Amit Seru na Vikrant Vig walionyesha mwaka 2010 kwamba mikopo iliyochelewa na kubaki mikononi mwa benki iliyoimiliki ilinadiwa mara chache zaidi kuliko ile iliyotiwa kapuni, kwa tofauti ya pointi 3 hadi 7 za asilimia. Tena utafiti wa Boston ulihusu kupunguza marejesho, si kuuza. Anayepunguziwa marejesho hubaki ndani ya nyumba, na inawezekana alikuwa anaigiza dhiki. Anayeuza chini ya deni anaondoka na begi lake, hapati hata dola moja ya mauzo, na rekodi yake ya mikopo inachafuka kwa miaka. Wapo watakaoigiza hata hilo, lakini ni wachache kuliko wanaoigiza ili wapunguziwe. Na kwa benki iliyomiliki mkopo wake, mgawanyiko ulikuwapo bado, ila ulikuwa wa wakati: meneja wa robo hii ya mwaka akikataa, hasara itaandikwa robo nyingine, pengine na mtu mwingine.

Ushahidi ninaouona kuwa na uzito kuliko wote ni kilichotokea masharti yalipobadilishwa. Mwezi Aprili 2010 serikali ya Marekani ilianzisha mpango uliomlipa msimamizi kwa kila mauzo yaliyokamilika, ukampa mdaiwa fedha za kuhamia, na ukamkataza mkopeshaji kumdai salio baadaye. Mwaka 2012 Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, yaliyokuwa chini ya uangalizi wa serikali tangu Septemba 2008, yaliamriwa kuwataka wasimamizi wao watoe jibu ndani ya siku 30 na uamuzi wa mwisho ndani ya siku 60. Kuanzia Novemba mwaka huo malipo ya mwenye mkopo wa pili yalipangiwa kikomo cha dola 6,000, wasimamizi wakapewa mamlaka ya kuidhinisha mauzo mengi bila kupeleka kila faili juu, na aliyefiwa na mwenza, aliyevunja ndoa, aliyepata ulemavu au aliyehamishwa kazi mbali akaruhusiwa kuomba hata kama hajachelewa kulipa. Mwezi Februari 2012, benki tano kubwa zilikubaliana na serikali kuu na majimbo 49 kulipa fidia ya dola bilioni 25 kwa makosa ya namna zilivyonadi nyumba za watu, na sehemu ya fidia hiyo ziliruhusiwa kuihesabu kwa madeni zitakayoyasamehe, yakiwamo ya nyumba zilizouzwa chini ya deni. Benki zile zile zilizokuwa hazijibu barua zikaanza kuwaandikia wadaiwa zenyewe, baadhi zikiwaahidi dola 20,000 na hata 30,000 wakikubali kuuza. Wadaiwa hawakuwa wameongezeka uaminifu katika miezi hiyo, na nyumba hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni faida ya yule mwenye kutoa jibu.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atauliza haya yanamhusu nini. Kenya yote ina mikopo ya nyumba takriban 30,000, na kwa kawaida benki iliyotoa mkopo ndiyo inayobaki nao. Hata kampuni za kuzipa benki fedha za mikopo hiyo, TMRC ya Tanzania na KMRC ya Kenya, huzikopesha benki bila kuzitoa benki hizo kwenye hasara. Hiyo ina maana kwamba ofisa unayekaa naye mezani anawakilisha mwenye fedha, na hesabu ya mnada na mauzo ya hiari unaweza kumwekea mbele akaielewa. Sheria nayo inasaidia. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinaitaka benki itafute bei nzuri kadiri inavyowezekana, na ikiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa imevunja wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 ina kifungu cha namna hiyo. Mdaiwa anayeleta mnunuzi wa bei ya soko kabla ya siku ya mnada anaipa benki njia rahisi ya kutimiza wajibu huo, na asisubiri dalali wa mnada abandike tangazo ndipo aanze kutafuta.

Kwa ndugu zetu walionunua nyumba Marekani, ushauri ni tofauti kidogo, kwa kuwa kule mtu wa kwenye simu huenda hana mamlaka ya kukubali chochote. Kabla ya kutafuta mnunuzi, mwulizeni msimamizi kwa maandishi mkopo wenu ni mali ya nani, kama una bima, na nani mwenye mkopo wa pili. Kisha pelekeni ombi kamili zaidi ya siku 37 kabla ya tarehe ya mnada, kwani tangu Januari 2014 kanuni za serikali kuu humkataza msimamizi wa kawaida kuendelea na mnada hadi alipitie ombi lililofika kwa muda huo. Ikiwa mmekubaliwa, someni mstari unaohusu salio la deni kabla ya kusaini: California iliwakataza wakopeshaji kudai salio baada ya mauzo ya namna hii mwaka 2011, lakini kila jimbo lina sheria yake. Na mkiuliza mwenye mkopo ni nani, kanuni zile zile zinampa msimamizi siku 10 za kazi kuwajibu.